Baiskeli Iliyonitii Mimi Peke Yangu

Mwezi uliopita nilifunga kibanda changu nyuma ya soko la Kakamega kwa mara ya mwisho, nikawaachia nyinyi ambao mgongo bado unakubali kuinama. Mlinifanyia karamu ya ingokho na obusuma, kuku na ugali wa kwetu, mkasema maneno matamu ambayo sikuwahi kuyasikia siku nilizokuwa nawagombeza kwa kunimalizia grisi. Halafu mmoja wenu akauliza habari ya kile kipande cha mpira kikuukuu kinachoning'inia kwenye msumari kando ya pampu, kile nilichokataza mtu yeyote kukigusa. Mnajua kwamba mimi humfungia kila mteja pete ya mpira kwenye foku ya springi ya baiskeli yake kabla ya kumwachilia. Mnafanya hivyo pia, kwa sababu nimewapigia kelele, lakini hamjui mtindo huo ulitoka wapi. Nikasema nitaandika, maana kusimulia mbele ya kuku aliye moto ni kumkosea kuku.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini chini ya Mzee Andayi, fundi aliyekuwa na kibanda hicho kabla yangu. Siku ya kwanza alinipa karai la mafuta ya taa lenye gololi za baiskeli nne, akaniambia nizioshe na kuzirudisha zote. Ikapungua moja. Niliitafuta kwenye vumbi, kwa magoti, mpaka saa tisa, na wateja wakinipita juu. Kumbe alikuwa nayo mfukoni tangu asubuhi. Alisema alitaka kujua kama mimi ni mtu wa kusema "ni moja tu" au ni mtu wa kutafuta. Nilimkasirikia siku mbili. Siku ya tatu nikaja tena, na hapo ndipo aliponipa spana.

Mzee Andayi alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa kukaza. Baiskeli za wakati ule karibu zote zilikuwa zile nyeusi nzito ambazo watu huita mamba, na mamba haibebi mtu tu. Inabeba mahindi kutoka Likuyani, inabeba miwa, kitanda, mbuzi, na siku nyingine mgonjwa aliyefungwa kwa leso asianguke. Mzigo ukikaa nyuma, shingo ya mbele hutetemeka, na dawa yake ni kukaza zile gololi za shingoni mpaka usukani uwe mzito mkononi. Mteja akirudi kulalamika, unakaza tena. Na kweli kwa mamba ilifanya kazi.

Ya pili ilikuwa hii: fundi hupanda kwanza. Hakuna baiskeli iliyotoka kibandani kabla ya fundi mwenyewe kuipanda mpaka njia panda na kurudi, mwenye baiskeli akiwa amesimama anatazama. Ilikuwa kama kuonja uji kabla ya kumpa mgeni. Mzee alikuwa akishuka, anapiga kiti kofi moja, anasema, "Chukua." Mteja alikuwa akilisikia hilo kofi na kwenda zake bila neno. Nami nikalijifunza. Macho ya Mzee yalipofifia akarudi nyumbani kwake, kibanda kikabaki kwangu, na kofi likabaki kwangu.

Ni lazima niseme hapa kwamba sikuwa mtu mdogo. Sasa mnaniona nimepungua, lakini wakati ule nilikuwa kilo tisini na kitu. Mama yangu hakuamini katika sahani ndogo. Kumbukeni hilo, kwa sababu mimi mwenyewe nililisahau na likanigharimu.

Halafu zikaja baiskeli za mlimani. Nyingine zilikuja za mitumba, nyingine zililetwa na miradi. Matairi manene, gia nyingi, rangi za kuumiza macho. Mafundi wengi mjini walizikimbia. Mimi nikasema baiskeli ni baiskeli, nikawa nazipokea, na zilinifundisha adabu moja baada ya nyingine. Ndipo nikampata Sista Muhonja.

Sista Muhonja alikuwa muuguzi wa dispensari moja ndogo upande wa Iguhu. Mwembamba, mfupi, na sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha watoto arobaini kwa wakati mmoja. Kazi yake ilikuwa kuvuka mto kila wiki na kisanduku cha chanjo chenye barafu, kwenda vijiji vinne ambavyo gari halifiki mvua ikinyesha, na huku kwetu mnajua mvua hainyeshi mara moja kwa mwezi. Kwa miguu alifika kijiji kimoja kwa siku kabla barafu haijayeyuka. Mradi mmoja wa afya ulipompa baiskeli ya mlimani, akaweza kufika vyote vinne. Alijifunza kupanda akiwa mtu mzima na watoto watatu, kwenye uwanja wa shule, huku walimu wakimcheka dirishani. Aliniambia kwamba alikuwa akianguka upande wa madirisha makusudi, ili wacheke mpaka wachoke.

Foku yake ilipata ufa. Kwenye vitabu inaitwa uma, ule mkono wa mbele unaoshika gurudumu, lakini sijawahi kumsikia fundi akisema uma ila mezani. Ile yake ilikuwa ya chuma kitupu, isiyo na springi, na ufa ulikuwa mahali ambapo huwezi kuchomelea na ukalala usingizi. Nilitafuta nyingine mji mzima, nikakosa. Mwishowe nikasikia kuwa Buyangu kuna mzungu mtafiti, jitu refu lililokuwa likihesabu nyani msituni, anarudi kwao na baiskeli yake imevunjika fremu. Nikaenda. Foku yake ilikuwa nzima, na ilikuwa ya springi. Akanipa na baraka zake.

Jamani, nilivyojivuna. Springi mjini Kakamega wakati ule ilikuwa kitu cha kutazamwa. Niliifunga, ikaingia shingoni kana kwamba imezaliwa humo. Watu wakaja kuibonyeza kwa mikono. Niliona kuwa ni ndefu kuliko ile ya zamani, kama vidole vinne hivi, na pua ya baiskeli imeinuka, lakini nikajiambia kwamba za kisasa ndivyo zilivyo. Nikaipanda mpaka njia panda na kurudi. Ilishuka kidogo nilipoikalia, ikameza mashimo yote, ikakata kona kama kisu. Nikashuka nikapiga kiti kofi. Sista akaondoka nayo akitabasamu.

Baada ya wiki moja akarudi. Alisema baiskeli haiendi mahali anapoielekeza. Akipanda kilima gurudumu la mbele linatangatanga, na kwenye kona ya polepole usukani unamwangukia upande kama mlevi. Nikasema ni shingo imelegea. Nikakaza, nikaipanda, ikaenda vizuri sana. Kofi.

Wiki iliyofuata akarudi tena. Safari hii niliifanyia kazi nusu siku. Nilizungusha gurudumu nikatazama rimu kama imepinda, haikuwa imepinda. Nikagusa spoku moja moja. Nikavuta uzi kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele nione kama fremu imekwenda upande, ikawa imenyooka. Nikabadilisha gololi zote, nikatia grisi mpya, nikapunguza upepo kwenye tairi. Na kwa sababu alikuwa amelalamika, nikakaza shingo zaidi ya mara ya kwanza. Nikaipanda. Tamu. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba ataizoea.

Hakuizoea. Siku nne baadaye, kwenye ile kona iliyo juu kidogo ya daraja, gurudumu la mbele lilimtoroka akaanguka. Kisanduku kilifunguka, barafu na chupa za chanjo zikamwagika matopeni. Ng'ambo ya mto kina mama walikuwa wamengoja na watoto tangu asubuhi. Walingoja mpaka jua likageuka, wakarudi nyumbani.

Habari ikamfikia Bwana Amukoya, ofisa wa mradi aliyekuwa akisimamia baiskeli hizo. Si mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa kuamua haraka. Alisema kuwa baiskeli ya springi si ya mwanamke, kwamba angekuja Ijumaa kuichukua ampe karani mmoja wa kiume wa kituo kingine, naye Sista arudie miguu yake. Maana yake ni kwamba vijiji vitatu katika vile vinne vingekaa bila chanjo mpaka zamu zizunguke.

Sista alifika kwangu Jumanne, kiwiko kimefungwa bendeji, akiisukuma baiskeli kwa miguu kutoka Iguhu mpaka mjini. Hakuipanda hata hatua moja. Alinieleza yote hayo akiwa amesimama, bila kulia na bila kupandisha sauti, kisha akauliza shida ni nini. Nikamjibu nilivyokuwa nikijibu siku zote, kwamba nimeipanda mwenyewe mara tatu na haina shida.

"Wewe unaipandanga hapa sokoni," akasema. "Mimi naipandanga kule. Kama haina shida, basi shida ni mimi?"

Nikasema, "Labda, Sista."

Neno hilo nimelibeba miaka yote hii. Mtu amesukuma baiskeli mwendo wa asubuhi nzima, ana jeraha kwenye kiwiko, na fundi aliyemtegemea anamwambia labda ni yeye. Nililisema kwa upole, tena, kama mtu anayetoa ushauri. Nikilikumbuka bado naona aibu.

Hakuondoka. Alisimamisha baiskeli, akakaa kwenye benchi la wateja, akaweka mkoba wake magotini. "Sawa. Kama ni mimi, nionyeshe ninakosea wapi," akasema. "Lakini sitoki hapa bila kujua."

Nikatazama lile benchi na ule mkoba, nikajua nimepata mtu wa kutafuta gololi. Nikamwambia kesho nafunga kibanda, nakuja Iguhu, naye atapanda njia yake ile ile na mzigo wake ule ule, nami nitatazama. Sikuwahi kufunga kibanda siku ya kazi tangu Mzee aniachie. Wateja wawili walidhani nimefiwa.

Jumatano nikapanda mamba yangu na mfuko wa vyombo mpaka dispensari. Njiani nilikuwa nimesumbuliwa na jambo dogo: siku iliyopita niliona waya wa breki unagongagonga mguu wa foku, ukipiga kelele. Nilipofika, kabla hatujaanza, nikakata kipande cha tyubu kuukuu, nikakizungusha kwenye ile sehemu ya foku inayong'aa, inayoingia na kutoka, ili kizuie waya. Kilizunguka kama pete, hakikubana sana. Sikuwa na nia nyingine yoyote, na msiache mtu awaambie kwamba fundi wenu alikuwa na akili nyingi siku hiyo.

Tukateremka mpaka kwenye kilima kifupi kabla ya kona. Akapanda, kisanduku kikiwa nyuma kwenye keria, mimi nakimbia kando yake. Na nikaona. Gurudumu la mbele lilikuwa likienda huku na huku kama pua ya mbwa anayetafuta harufu. Alikuwa ameshika usukani kwa nguvu zote, macho mbele, hakosei kitu. Nikamwomba ashuke, nikaipanda mimi, kisanduku kikiwa palepale. Ikanyooka. Nikamrudishia, ikatangatanga. Tukabadilishana mara ya pili. Waliokuwa wakipalilia mahindi juu ya njia wakaacha majembe, wakatutazama watu wazima wawili wakinyang'anyana baiskeli.

Baada ya zamu yangu ya pili niliona kuwa ile pete ya mpira imepanda juu vidole vitatu. Foku ilikuwa imeshuka chini yangu ikaisukuma. Nikairudisha chini, kwa unadhifu tu, nikampa Sista. Aliporudi nikainama nione waya. Pete ilikuwa palepale nilipoiacha. Nikadhani imenata. Nikaipangusa kwa shati langu, nikaishusha tena, nikamwomba akae tu, asiende popote, akae kwa uzito wake wote. Akakaa. Pete haikusogea hata upana wa ukucha.

Aliniuliza naangalia nini. Nilikuwa naona makofi yangu yote ya miaka ile yakinirudia usoni.

"Sista," nikamwambia, "hii springi haijui kama umepanda."

Nawaeleza polepole, kwa sababu hapa ndipo penye kazi. Foku mpya ilikuwa ndefu vidole vinne kuliko ile ambayo fremu ilitengenezewa. Mimi nikikaa, ilishuka vidole vitatu, na pua ya baiskeli ikarudi karibu na mahali pake. Yeye akikaa, haikushuka kabisa. Ndani yake, badala ya springi ya chuma, mlikuwa na mpira mgumu uliowekwa kwa ajili ya jitu lililohesabu nyani. Kwa hiyo mimi na yeye hatukuwa tukipanda baiskeli moja. Yake ilikuwa imeinua pua, gurudumu limesogea mbele, na kisanduku kinavuta nyuma, hivyo mbele hapakuwa na uzito wa kushika ardhi. Kilimani lilitangatanga, kwenye kona likateleza. Na ule usukani nilioukaza kila alipolalamika ulimzuia hata kurekebisha. Kila alipokuja kuniomba msaada nilimwongezea shida, kisha nikapanda, nikaona raha, nikapiga kofi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nimekilalia, ila kunguni hawakupenda damu yangu.

Nikamwomba msamaha palepale njiani, na si kwa baiskeli tu, kwa lile neno "labda" pia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Msamaha nimesikia, Fundi," akasema. "Lakini Ijumaa ni keshokutwa."

Alhamisi nilirudi asubuhi, nikatandaza gunia kwenye veranda ya dispensari. Sikuifanyia kazi mjini kwa sababu sikuwa namhitaji Sista kama mteja tena, nilimhitaji kama kipimo. Nilifungua foku. Ndani ya kila mguu mlikuwa na vipande vya mpira vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama pingili za muwa, vigumu kuliko kisigino changu. Duka la kununua laini halikuwepo, si Kakamega na nadhani si popote karibu. Nilikuwa nimekuja na kila aina ya mpira niliyoweza kuokota. Nikatoa vipande viwili kila mguu, nikaweka vilivyokatwa kwenye ndara. Nikamwita. Akatoka na sare yake nyeupe, akapanda baiskeli huku nimemshikilia, pete ikaruka mpaka juu kabisa. Ndara hazifai, zinabonyea zinakufa. Akarudi ndani kuchoma watoto sindano.

Nikajaribu tairi la gari. Nikamwita. Pete haikusogea. Nikajaribu tairi na ndara zikichanganywa, ikawa inashuka upande mmoja kama mbuzi mwenye mguu mbovu. Foleni yote ya wagonjwa sasa ilikuwa na maoni. Mama mmoja mwenye mimba kubwa aliniambia nimwache Sista apumzike, nimpime yeye. Nilimwambia foku ikipimwa kwake, Sista hatafika hata getini. Foleni ikacheka, naye akacheka zaidi yao.

Mchana ukapita. Kilichonisaidia mwishowe ni bushi za gari bovu, zile pete za mpira za kuzuia mtikisiko, nilizokuwa nimepewa na fundi wa magari jirani yangu, laini kiasi na zenye moyo wa kurudi. Nilizikata kwa wembe, nikazipunguza nyembamba, nikazirudisha, nikazipunguza tena. Kila mara Sista alitoka, akakaa, nikapima kwa vidole, akarudi kazini bila kuuliza. Mara ya kumi na moja pete ilipanda vidole viwili, ikatulia. Sikuamini. Nikamwomba ashuke, akae upya. Viwili. Baada ya hapo nikalegeza shingo mpaka usukani ukageuka wenyewe nilipoinamisha fremu, jambo ambalo Mzee Andayi angenifukuza kwalo. Nikashusha usukani chini kadiri unavyokubali. Nikasogeza keria mbele mpaka kisanduku kikagusa kiti.

Halafu nikafanya nilivyozoea. Nikaipanda mwenyewe, nikazunguka uwanja wa dispensari.

Ilikuwa baiskeli mbaya. Nilipoikalia ilizama, nilipogusa breki iliinamisha pua mpaka ikagonga mwisho, na usukani mwepesi ulinipeleka huku na kule. Nilishuka. Tangu nianze kazi sikuwahi kumpa mtu baiskeli ambayo mimi mwenyewe siwezi kuiendesha. Kila nilichofundishwa kilikuwa kinaniambia nisiitoe. Na nikikosea, ataanguka mara ya pili, mbele ya ofisa, na sitakuwa na "labda" ya kujifichia. Sista alikuwa amesimama mlangoni, foleni imekwisha.

"Ikoje?" akauliza.

"Kwangu ni mbaya."

"Na kwangu?"

"Sijui, Sista. Panda."

Akapanda, akazunguka uwanja mara tatu, polepole, kisha akaja akasimama mbele yangu. Hakusema ni nzuri. Aliuliza tu kama naweza kuja kesho. Mkono wangu ulikwenda kupiga kiti kofi, nikaurudisha.

Ijumaa Bwana Amukoya alikuja na pikapu, mwanamume mpana kama mimi. Alinisalimia mulembe vizuri, nikamweleza tulichokifanya. Akasema anataka kujionea. Akaipanda kabla sijamaliza sentensi, na ikamfanyia kama ilivyonifanyia. Ilizama, ikainama, ikamyumbisha, mguu wake ukapiga chini. Alishuka akinitazama kwa huruma.

"Fundi, sasa ndiyo umeiua kabisa," akasema. "Hii siwezi kumpa mtu."

Hata mimi nisingeinunua. Sista Muhonja ndiye aliyekuja, akamtoa usukani mkononi taratibu, kama unavyomtoa mtoto kisu.

"Samahani, Bwana Amukoya. Kina mama wananingoja," akasema.

Akafunga kisanduku, akaondoka. Sisi tukaingia pikapu tukamfuata, tukafika darajani kwa njia kubwa, tukashuka, kwa sababu lile daraja lilikuwa la miguu na gari halipiti. Tukasimama tukitazama kona ya juu. Nilikuwa naomba Mungu waziwazi, midomo ikitikisika, na sikujali nani ananiona.

Alitokea akishuka polepole. Kwenye kona hakuweka mguu chini. Gurudumu lilipita juu ya mawe, foku ikashuka na kupanda, na likaenda pale alipolielekeza. Akavuka mbao za daraja mbele yetu. Ng'ambo kuna kilima kibaya kuliko cha upande huu, kile ambacho siku zote alikuwa akishuka kwenye baiskeli na kuisukuma. Akabadilisha gia, akainama mbele, akapanda. Lile gurudumu lilinyooka kama uzi wangu. Nilikuwa nikingoja ageuke atupungie mkono, na nadhani Bwana Amukoya pia alikuwa akingoja. Hakugeuka. Barafu ilikuwa inayeyuka na alikuwa na vijiji vinne.

Tulibaki pale wanaume wawili wazito, kila mmoja akijua kwamba ile baiskeli imemkataa. Bwana Amukoya akasema basi, atamwachia Sista. Kisha akasema ana baiskeli nyingine tano za wauguzi zenye malalamiko, ziko stoo, aniletee?

"Usiniletee baiskeli," nikamwambia. "Niletee wanaozipanda."

Jumapili nilikwenda kumwona Mzee Andayi nyumbani kwake, nikamweleza yote, pamoja na kulegeza shingo. Nilitarajia anikemee. Aligeuza macho yake yasiyoona mlangoni, akauliza kama yule Sista ni mdogo sana wa mwili. Nikasema ndiyo. Akasema mke wake pia alikuwa mdogo, na kwamba miaka yote alilalamika juu ya baiskeli aliyomtengenezea mpaka siku moja akaacha kuipanda, na yeye Mzee alidhani ni woga. Nilikaa naye mpaka chai ikapoa.

Kile kipande kwenye msumari ndicho kile cha Jumatano. Sista alinirudishia baadaye, nilipomwekea kipya. Kimekauka, kimepasuka, hakiwezi kupima kitu tena, lakini msikitupe. Na mteja akiwaambia mara ya pili kwamba baiskeli haimtii, msimwambie kuwa mmeipanda. Shukeni. Mpeni mwenyewe akae, na mzigo wake, halafu nyinyi mkimbie kando mkitazama gurudumu.